Kichaa cha mbwa kinatoka wapi? Jinsi virusi vinavyoacha nyayo na kwa nini mlezi anahusika

Mbwa asiyejulikana akipita kijijini na kung'ata watu, swali la kwanza la mzazi ni moja: mwanangu atapona? Swali la pili huja jioni majirani wakiwa wamekaa: yule mbwa alitoka wapi, na je, wapo wengine nyuma yake?

Makala hii inajibu maswali yote mawili. Tunaanza na la kwanza kwa sababu halisubiri. Kisha tutaeleza namna wataalamu wanavyosoma vinasaba vya virusi ili kujua ugonjwa ulikotoka na unakokwenda, walichogundua Serengeti na Pemba, na jinsi wewe mama, bibi au mlezi wa Kasulu na Kibondo unavyoweza kutumia maarifa hayo kulinda nyumba yako.

KAMA MTOTO AMENG'ATWA LEO, ANZA HAPA

1. Osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Tumia sabuni yoyote iliyopo, hata ya kufulia. Maji ya bomba ni mazuri; kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine maji kwa jagi au kidumu huku mwingine anaosha. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo tazama saa.

2. Usipake kitu kingine. Pilipili, majivu, udongo, mafuta ya taa na majani havitoi virusi kwenye jeraha, na vinaweza kuliharibu zaidi. Usilifunge kwa kulikaza.

3. Nenda kwenye kituo cha kutolea huduma siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Si kila zahanati ina chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama unaweza, piga simu au muulize mhudumu wa afya ngazi ya jamii mahali chanjo ilipo, ili usipoteze nauli na muda kwa kuzunguka.

4. Mweleze muuguzi yote unayoyajua kuhusu mbwa: ni wa nani, alikuwa na hali gani, alikuja kutoka upande gani, amemng'ata nani mwingine.

5. Kamilisha sindano zote. Kadi itaonyesha tarehe za kurudi. Mtoto akionekana mzima kabisa, bado arudi.

Usisubiri kuona kama mbwa atakufa, na usisubiri kuona kama mtoto ataugua.

KWA NINI HATUSUBIRI DALILI

Virusi vya kichaa cha mbwa huwa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Akimng'ata mtu, virusi huingia kwenye jeraha, kisha husafiri polepole kwa kufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Jeraha likiwa karibu na kichwa, njia ni fupi. Ndiyo maana mtoto mdogo yuko hatarini zaidi: kimo chake kinamfanya ang'atwe usoni, shingoni au mikononi.

Wakati virusi viko njiani, mtoto anacheza, anakula na kwenda shule. Huo ndio muda ambao chanjo inafanya kazi, kwa kuufundisha mwili kupambana na virusi kabla havijafika kwenye ubongo. Dalili zikishaanza, kama kuogopa maji, kushindwa kumeza, kuweweseka au kupooza, karibu kila mgonjwa hufariki. Lakini mtu aliyeoshwa jeraha na kupata matibabu kamili mapema huokoka.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Na karibu watu wote wanaoupata huupata kwa mbwa.

VIRUSI VINA MAANDISHI NDANI YAKE

Sasa twende kwenye swali la pili. Inawezekanaje kujua mbwa aliyekwisha kufa alipata ugonjwa kutoka wapi?

Kila kirusi cha kichaa cha mbwa kina vinasaba ndani yake. Vinasaba ni kama maandishi ya maelekezo yanayokieleza kirusi namna ya kujitengeneza. Maandishi haya yana herufi zipatazo 12,000, na herufi zenyewe ni za aina nne tu zinazorudiwa kwa mpangilio tofauti. Kirusi kinapoongezeka ndani ya mnyama, kinanakili maandishi yake yote. Mara moja moja kinakosea herufi.

Fikiria darasa ambalo mwalimu aliandika habari ndefu ubaoni siku moja tu. Mtoto mmoja aliyekuwepo alinakili, lakini palipoandikwa "kuku" yeye akaandika "kuki". Mwenzake aliyekuwa mgonjwa siku hiyo alikuja kunakili kutoka kwenye daftari lake, na "kuki" ikaenda naye. Yeye naye akaongeza kosa lake mwenyewe. Mtoto wa tatu akanakili kwa huyo wa pili, akawa na makosa yote mawili. Mwalimu akikusanya madaftari mwisho wa muhula, hahitaji kumuuliza mtu. Akitazama makosa tu, anajua nani alinakili kwa nani.

Wataalamu wa virusi wanafanya hivyo hivyo. Wanachukua sampuli ya ubongo wa mnyama aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, wanasoma maandishi ya virusi vilivyomo, kisha wanalinganisha na sampuli nyingine. Virusi vyenye makosa yanayofanana ni ndugu wa karibu, na vyenye tofauti nyingi ni ndugu wa mbali. Kwa kupanga ndugu wote wanapata kitu kama mti wa ukoo, na kila tawi likiandikwa mahali na tarehe sampuli ilipopatikana, mti huo unakuwa ramani ya safari ya ugonjwa.

Zamani sampuli zililazimika kusafirishwa kwenda maabara kubwa nje ya nchi na majibu yalichelewa sana. Siku hizi kuna mashine ndogo ya kushika mkononi ambayo imewezesha kazi hii kufanyika hapa hapa Tanzania na pia Kenya.

MAANDISHI PEKE YAKE HAYATOSHI

Virusi hivi vinabadilika taratibu. Kwa mwaka mzima, herufi chache tu ndizo hubadilika. Kwa hiyo mbwa wawili walioambukizana wiki tatu zilizopita wanaweza kuwa na virusi vyenye maandishi yale yale, na maabara haitaweza kusema nani alianza.

Hapo ndipo taarifa za watu zinapohitajika: mbwa alionekana lini, alitoka upande gani, aling'ata nani, yule mbwa wa jirani aliyeng'atwa naye alianza kuugua lini. Kazi ya kufuatilia habari hizi nyumba kwa nyumba huitwa ufuatiliaji wa mnyororo wa maambukizi. Vinasaba vinasema nani ni ndugu wa nani. Habari za kijijini zinasema nani alimng'ata nani. Viwili hivi vikikutana, picha inakuwa kamili.

Chukua mfano wa kufikirika. Mbwa mmoja mwenye kichaa anakutwa kijiji cha Kasulu. Wiki mbili baadaye mwingine anakutwa Kibondo. Je, ni ugonjwa mmoja uliosafiri, au ni magonjwa mawili yaliyokuwepo kila mahali kwa siri?

- Kama virusi vyao ni ndugu wa karibu sana, ugonjwa huenda umesafiri kati ya wilaya hizi mbili. Itabidi kuuliza: nani alisafirisha mbwa? Vijiji gani viko katikati?
- Kama virusi vyao ni ndugu wa mbali, basi ipo minyororo miwili tofauti, na kila upande una mbwa wagonjwa ambao hawajaonekana. Itabidi kutafuta na kuchanja pande zote mbili.

Kwa macho, mbwa hawa wawili wanafanana. Lakini hatua za kuchukua si zile zile.

WALICHOGUNDUA SERENGETI

Tanzania ni moja ya nchi ambako kichaa cha mbwa kimefuatiliwa kwa karibu sana. Katika Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, watafiti walianza mwaka 2002 kufuatilia kila tukio waliloweza kulisikia. Walianzia kwenye vituo vya afya na ofisi za mifugo, wakachukua habari za watu waliong'atwa, wakawafuata majumbani, kisha wakamfuatilia mbwa aliyeng'ata na mbwa wengine aliokutana nao. Kazi hiyo iliendelea hadi 2016 katika eneo lenye mbwa wapatao 50,000.

Haya ni baadhi ya waliyoyaona:

Mbwa mmoja mgonjwa huambukiza mbwa wachache. Kwa wastani ni kati ya mmoja na wawili. Wengi hawamwambukizi yeyote; wachache wanakimbia mbali na kung'ata wengi. Hii ni habari njema, kwa sababu ugonjwa wenye wastani mdogo namna hii unaweza kukomeshwa kwa chanjo.

Mbwa aliyeambukizwa anaonekana mzima kwa wiki kadhaa. Kwa wastani ni siku 22 hivi tangu kung'atwa hadi kuugua, na akishaugua hubaki na uwezo wa kuambukiza kwa takriban siku 3. Katika zile wiki za mwanzo anaweza kuuzwa, kugawiwa zawadi au kupakiwa kwenye gari bila mtu yeyote kushuku.

Barabara husambaza ugonjwa, mito huuzuia kidogo. Watafiti walisoma maandishi kamili ya virusi 152 vilivyokusanywa Serengeti kati ya 2004 na 2013. Waliona kuwa kwa safari ndefu, virusi vilifuata barabara, na mito ilikuwa kizuizi. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2010 kuhusu Moroko, Algeria na Tunisia ulionyesha jambo linalofanana: virusi vilienda kwa mujibu wa umbali wa barabara kuliko umbali wa moja kwa moja kwenye ramani. Maana yake ni kwamba safari ndefu za ugonjwa huu mara nyingi ni safari za watu waliobeba mbwa.

Wingi wa mbwa si tatizo lenyewe. Katika virusi vile 152, kilichochangia zaidi kuenea ni kuwepo kwa mbwa mahali fulani, si idadi yao. Kwa hiyo kuua mbwa ili kupunguza idadi hakukomeshi ugonjwa. Chanjo ilipunguza kasi ya virusi hata katika miaka ambayo mbwa waliochanjwa hawakufikia kiwango kilichotakiwa.

Wanyama pori na mbwa wana virusi vya ukoo mmoja. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 ulilinganisha virusi vya mbwa na vya wanyama pori wa Serengeti. Ulikuta aina moja tu ya virusi inazunguka kati yao, yenye asili ya mbwa. Kwa hiyo ukichanja mbwa unawalinda pia wengine.

WALICHOGUNDUA PEMBA

Kisiwa cha Pemba kiko takriban kilomita 50 kutoka bara, na kina wilaya nne: Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa nje walifuatilia kichaa cha mbwa kisiwani humo kuanzia 2010 hadi 2020, wakiunganisha habari za nyumba kwa nyumba na maandishi ya vinasaba.

Mwaka 2010, kwa macho ya kawaida, Pemba ilikuwa na ugonjwa mmoja. Vinasaba vilionyesha kuwa kulikuwa na minyororo mitano tofauti ya maambukizi iliyokuwa ikizunguka kwa wakati mmoja. Kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima zilianza, zikaboreshwa mwaka hadi mwaka, na mnyororo mmoja baada ya mwingine ukakatika. Kufikia Mei 2014 yote mitano ilikuwa imekwisha.

Baada ya hapo uchanjaji ulilegea. Mwishoni mwa 2016 kichaa cha mbwa kikatokea tena. Watu wangeweza kusema kwamba ule ugonjwa wa zamani haukuisha, ulijificha tu, na kwamba chanjo ya mbwa haikusaidia. Vinasaba vilitoa jibu jingine. Virusi vipya havikuwa mwendelezo wa vile vya zamani. Viliingia kutoka nje ya kisiwa, tena mara mbili tofauti. Chanjo ilikuwa imefanya kazi yake. Ugonjwa ulirudi kwa sababu mlango uliachwa wazi: mbwa wapya walizaliwa bila kuchanjwa, na wanyama wagonjwa wakaletwa. Virusi haviwezi kuogelea kilomita 50. Vilihitaji mnyama aliyepakiwa kwenye chombo.

Uchanjaji wa kisiwa kizima ukarudishwa, na Oktoba 2018 mlipuko huo ukakomeshwa.

Somo kubwa la Pemba ni hili: chanjo ya binadamu humwokoa aliyeng'atwa, lakini ni chanjo ya mbwa pekee inayokata mnyororo. Tunahitaji zote mbili, na ile ya mbwa isiachwe hata mwaka ambao ugonjwa hauonekani.

HII INA MAANA GANI KASULU NA KIBONDO

Sisi hatuna bahari inayotuzunguka. Tuna barabara ya kutoka Kigoma inayopita Kasulu na Kibondo kuelekea Nyakanazi. Tuna minada, malori, bodaboda, njia za miguu na mpaka na Burundi. Mito tunayo, Malagarasi ukiwa mkubwa wake, lakini mbwa aliyebebwa kwenye gari hahitaji kuogelea. Tuna wafugaji na wawindaji wanaotembea na mbwa, na familia zinazohama mashamba.

Ukiweka hayo pamoja na yaliyoonekana Serengeti na Pemba, unapata mambo manne ya kufanya.

Chanja mbwa wa nyumbani kila mwaka, pamoja na watoto wa mbwa. Watu wengi huwaacha watoto wa mbwa wakidhani bado ni wadogo. Wapeleke nao siku ya kampeni. Hao ndio watoto wetu wanawabeba na kuchezea. Lengo ni kuchanja angalau mbwa 7 kati ya kila 10 katika kila kijiji.

Usichukue wala kugawa mbwa bila chanjo. Ukiletewa mbwa kutoka wilaya nyingine, uliza kadi ya chanjo. Kama haipo, mchanje na umfunge mahali salama kwa muda atakaoelekeza afisa mifugo. Kumbuka zile siku 22: mbwa anaweza kufika kwako akiwa mchangamfu.

Shirikiana na kijiji jirani. Kijiji kilichochanja mbwa wote kikiwa katikati ya vijiji visivyochanja bado kinaweza kuletewa ugonjwa kutoka nje, kama ilivyotokea Pemba mwaka 2016. Kampeni ikitangazwa kwenu, mweleze na dada yako aliyeolewa kijiji cha pili.

Usitafute wa kulaumu. Ramani ya vinasaba inaonyesha njia ya virusi. Haionyeshi kosa la mtu. Ugonjwa ukionekana umetoka upande fulani, hiyo si sababu ya kuwasema wageni, wakimbizi au wafugaji. Watu wakiogopa kulaumiwa huficha mbwa mgonjwa, na mbwa aliyefichwa ndiye anayeendeleza mnyororo.

HABARI ZAKO NDIZO KIUNGO CHA KWANZA

Yale yote ya Serengeti na Pemba yalianza na mtu aliyefika kituoni na kusema, "Mtoto ameng'atwa." Bila taarifa hiyo hakuna sampuli, na bila sampuli hakuna cha kusoma.

Ukiona mbwa mwenye dalili hizi, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji au afisa mifugo:

- anang'ata bila kuchokozwa, au anang'ata vitu kama miti na mawe;
- anatoka mate mengi, taya limelegea, sauti imebadilika;
- anayumba au amepooza miguu;
- amekuwa mpole kupita kawaida, anajificha, au anakimbia bila mwelekeo.

Shika mambo haya kichwani, au mwambie mtoto wako mkubwa ayaandike: siku na saa, kitongoji, rangi ya mbwa, upande aliotokea na alikoelekea, na watu au wanyama aliowang'ata. Usisahau ng'ombe, mbuzi na mbwa wengine. Nao ni sehemu ya mnyororo.

Mbwa akifa au akiuawa, usimtupe porini, usimle, wala usijaribu kumkata kichwa mwenyewe. Ubongo na mate vina virusi. Wazuie watoto na mbwa wengine wasimkaribie, na mwite afisa mifugo. Yeye anajua kuchukua sampuli kwa usalama na kuipeleka maabara ya mifugo. Akishachukua, mzoga uzikwe kwa kina au uchomwe.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA NYINGI

Mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima. Bado niende kituoni?
Ndiyo. Osha jeraha, nenda kituoni. Mbwa huyo afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Mtoa huduma anaweza kuanza chanjo bila kusubiri siku hizo ziishe; mbwa akibaki mzima siku zote 10, yeye ndiye ataamua kama sindano zilizobaki zisitishwe. Usiamue mwenyewe.

Mtoto alikwaruzwa tu, hakutoka damu.
Mkwaruzo mdogo kutoka kwa mnyama anayeshukiwa unahitaji kuoshwa na chanjo. Kama meno yamepenya ngozi, au mate yameingia kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, hatari ni kubwa zaidi. Huyo anahitaji pia kingamwili za tayari ziitwazo imunoglobulini, zinazochomwa kwenye jeraha lenyewe. Dawa hiyo haipatikani kila mahali. Ikikosekana, kuosha jeraha na chanjo visichelewe. Mbwa akilamba ngozi isiyo na kidonda, osha tu. Hapo virusi havipiti.

Sindano ni ngapi?
WHO inapendekeza ratiba fupi. Sindano zikichomwa ndani ya ngozi, mtu hupata siku ya kwanza (inayoitwa siku ya 0), siku ya 3 na siku ya 7, sehemu mbili za mwili kila mara. Zikichomwa kwenye msuli, hupata siku ya 0, ya 3, ya 7, na ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28. Kituo chako kinaweza kutumia ratiba nyingine. Fuata kadi yako, si kadi ya jirani. Wale walioambiwa zamani kuhusu sindano nyingi za tumboni wasiogope; hizo hazitumiki tena.

Nina mimba, au ninanyonyesha. Naweza kuchanjwa?
Ndiyo. Chanjo ni salama kwa mjamzito na kwa anayenyonyesha, na mama aendelee kunyonyesha. Hatari ni kuacha kuchanjwa.

Tumechelewa wiki mbili. Je, hakuna maana tena?
Ipo. Kama hakuna dalili, nenda leo. Virusi vinaweza kuwa bado njiani.

Mganga ametupa dawa na mtoto yuko vizuri.
Mtoto kuwa vizuri wiki za mwanzo ni kawaida kwa ugonjwa huu, hata asipopewa kitu chochote. Mpeleke akachanjwe.

Paka, mbuzi au ng'ombe wanaweza kuambukiza?
Ndiyo, mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kuugua. Ng'ombe anayeshindwa kumeza na kutoka mate huenda ameng'atwa na mbwa mgonjwa. Usiingize mkono mdomoni mwake ukidhani amekwamwa na kitu.

Maabara ikisoma vinasaba, majibu yatabadilisha matibabu ya mtoto wangu?
Hapana. Osha na chanja ni vile vile kwa kila kirusi cha kichaa cha mbwa, kwa hiyo matibabu hayasubiri maabara. Majibu ya vinasaba yanasaidia kuamua wapi kampeni ya kuchanja mbwa ipelekwe haraka, ili mtoto wa kijiji kinachofuata asing'atwe.

KUMBUKA

- Dakika 15, maji na sabuni, kisha kituoni siku hiyo hiyo.
- Kamilisha sindano zote.
- Chanja mbwa kila mwaka, wakubwa na wadogo, hata ugonjwa usipoonekana.
- Usisafirishe wala kupokea mbwa asiye na chanjo.
- Toa taarifa mapema, pamoja na mahali mbwa alikotokea.

WHO na mashirika mengine ya kimataifa yameweka lengo kwamba ifikapo 2030 pasiwe na mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa kinachotokana na mbwa. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na halmashauri nyingi huchanja mbwa karibu na siku hiyo. Muulize afisa mifugo wa kata yako ratiba ya mwaka huu, na siku ikifika mwambie kijana wa nyumbani atangulie na kamba ya kumshikia mbwa.

Makala hii ni ya elimu na haichukui nafasi ya ushauri wa mtoa huduma wa afya. Ukiwa na shaka yoyote baada ya kung'atwa, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe.